Mtoto Anapougua Akili: Kumleta kwa Yesu na Kumpeleka Hospitali

Somo la wiki kwa familia na ushirika wa nyumbani

Andiko la msingi: Marko 9:14–29
Maandiko ya kusoma pamoja: Isaya 38:1–5 na 21, Mathayo 4:23–24, Luka 10:30–37



Mtoto akishikwa na malaria, kanisa lote linajua kufikia Jumapili. Tunaombwa maombi, tunachanga, kinamama wanapeleka uji wodini. Lakini mtoto akianza kuongea peke yake usiku, akikataa kuoga, akisema majirani wanamsikiliza kupitia ukuta, familia inafunga mlango na kunyamaza. Mama anakuja ibada peke yake. Ukimwuliza kijana yuko wapi, anasema ameenda kwa shosho.

Somo la wiki hii ni la huyo mama, na ni letu sisi tunaoketi karibu naye bila kujua. Tukimaliza, nataka kila mzazi ajue kwamba kumwombea mtoto na kumpeleka kwa daktari wa akili ni njia moja, si njia mbili zinazogombana. Tena nataka kila mshirika ajue la kufanya familia kama hiyo ikimbishia mlango.

Somo lilitokana na swali. Baba mmoja wa kanisa letu, kijana wake ana miaka 16, aliniuliza: "Pasta, niambie ukweli. Nikimpa huyu mtoto dawa za akili, nitakuwa nimemkana Mungu?" Yeye na mke wake wameniruhusu niandike habari zao bila majina. Kijana mwenyewe nilimsomea, akakubali. Akaniambia tu nisimfanye aonekane mjinga. Si mjinga. Ni mgonjwa, na anatibiwa.

1. YESU ALIULIZA HISTORIA YA UGONJWA

Fungua Marko 9. Yesu anashuka mlimani na kukuta zogo. Waandishi wanabishana na wanafunzi, watu wamejaa, na katikati ya kelele yuko mtoto ambaye hakuna aliyemsaidia. Hebu tafakari hilo kidogo. Mtoto anaumia, na watu wazima wanabishana kuhusu nani ana nguvu na nani hana. Mpaka leo tunafanya hivyo.

Sasa angalia Yesu anavyoanza. Mstari wa 21, anamgeukia baba na kumwuliza hali hiyo imemshika mtoto tangu lini. Baba anajibu bila kuficha: tangu utotoni, na mara nyingi imemwangusha motoni na majini. Ukienda kliniki ya akili leo, swali la kwanza la daktari ni hilo hilo. Ilianza lini? Anafanya nini? Ameshawahi kujiumiza? Bwana wetu hakumkemea yule baba kwa kueleza dalili, wala hakumwambia kwamba kutaja ugonjwa ni kukiri kushindwa. Alitaka kusikia.

Halafu baba anasema neno ambalo mzazi wa mtoto mgonjwa analielewa vizuri: kwamba anaamini, na papo hapo anahitaji kusaidiwa kutokuamini kwake. Yesu hakumrudisha nyumbani akatafute imani zaidi kwanza. Alimhudumia mtoto wake akiwa na imani ile ile iliyochanganyika na hofu.

"Lakini Pasta, kijana wa Marko 9 alikuwa na pepo." Ndiyo, andiko linasema hivyo, na siwezi kulifuta. Tunaamini pepo wapo na tunaamini jina la Yesu lina mamlaka. Lakini soma pia Mathayo 4:24. Mathayo anaorodhesha watu walioletwa kwa Yesu: wenye maumivu na magonjwa ya kila namna, wenye pepo, wenye kifafa, waliopooza. Anawataja mbalimbali. Kama Biblia yenyewe haikuwatia wote katika kapu moja, sisi tumepata wapi ruhusa ya kuwatia?

Na kama bado unaona dawa inapunguza imani, nenda Isaya 38. Hezekia ni mgonjwa wa kufa. Anaomba, analia, na Mungu anamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi imeshatoka kinywani mwa Bwana. Kisha mstari wa 21, nabii anaagiza wachukue andazi la tini walibandike kwenye jipu ili mfalme apone. Ahadi ilitangulia, tini zikafuata. Hakuna mahali Hezekia alilaumiwa kwa zile tini.

2. UBONGO NAO NI KIUNGO

Hatushangai kongosho likishindwa kazi na mtu akapata kisukari. Hatushangai moyo ukichoka. Ubongo nao ni kiungo cha mwili, na wenyewe huugua.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Ugonjwa wa skizofrenia, ambao humfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo ambayo hayapo, humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, na mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini. Kwa mtoto mdogo ni nadra. Kuna ugonjwa wa bipola, ambapo mtu anapanda juu sana, halali, anaongea bila kituo, kisha anashuka chini kabisa. Kuna na sonona kali, ambayo humfanya kijana aone heri asingekuwepo.

Dalili hazianzi kwa kishindo. Yule kijana wetu alianza kwa kuchelewa kulala. Alama zikashuka. Akaacha kucheza mpira. Akaanza kusema wanafunzi wenzake wanamwongelea kwenye simu. Siku moja akapanda juu ya meza akatoa balbu ya sebuleni, ati inamwangalia. Mama alidhani ni ujana. Baba alidhani ni bhangi. Shosho alidhani ni mambo ya ukoo.

Mzazi, ukiona mojawapo ya haya ikiendelea kwa wiki mbili au zaidi, usingoje:

Mtoto amebadilika ghafla, amejitenga, hajitunzi, na masomo yameporomoka.
Anasikia sauti au anaona vitu ambavyo wengine hawasikii wala hawaoni.
Ana hakika kwamba watu wanamfuata, wanamroga au wanasoma mawazo yake.
Halali kabisa lakini hachoki, au analala mchana kutwa na hataki kula.
Anaongea habari za kufa, au anagawa vitu vyake.

Kwa hilo la mwisho usingoje hata siku moja.

Kumbuka pia kwamba si kila anayechanganyikiwa ana ugonjwa wa akili. Malaria kali, kifafa, maambukizi ya ubongo, bhangi, hata matatizo ya tezi ya shingo, yote yanaweza kumfanya mtoto aongee maneno yasiyoeleweka. Ndiyo maana daktari huanza kwa kupima damu. Mimi ni mchungaji, naweza kumwekea mtoto mikono. Siwezi kuona malaria kwa kuangalia macho yake.

Na usianze kutafuta dhambi ya nani. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali hilo kuhusu kipofu katika Yohana 9, na alilikataa. Nasi tulikatae.

3. KUCHELEWA KUNA RIBA

Nilisomea biashara chuo kikuu kabla ya kuingia katika huduma, kwa hivyo nikikaa na familia yenye shida, mkono wangu hukimbilia kalamu. Mama wa kijana anauza mitumba na huandika kila shilingi kwenye daftari. Tulifungua daftari lake pamoja. Kwa miezi saba walizunguka na mtoto kutoka mahali pamoja pa maombezi hadi pengine, nje ya kanisa letu. Hesabu ilikuwa hivi:

Nauli ya watu wawili, safari 9: Sh 18,000.
Mafuta na maji ya upako: Sh 6,500.
"Mbegu" za kufunguliwa: Sh 42,000.
Siku 12 za kulazwa kwenye kituo cha maombi: Sh 14,400.
Jumla: Sh 80,900.

Katika kile kituo kijana alifungwa mguu kwa mnyororo na kunyimwa chakula ati anafunga. Mama alipoona kidonda kwenye kifundo, alimchukua akaondoka naye usiku.

Miezi minne ya kwanza ya hospitali, ukijumlisha kadi, vipimo, dawa na nauli, iliwagharimu Sh 21,350. Hiyo ni familia moja. Hesabu yako inaweza kuwa tofauti, na kwa wengine hospitali inauma zaidi mfukoni. Sisemi sadaka ni mbaya. Tunatoa kwa moyo, tena kwa furaha. Lakini maombi hayana bei, na mtu akikuwekea bei ya mtoto wako kufunguliwa, shika mkono wa mtoto wako uende nyumbani.

Pesa hata hivyo si hasara kubwa zaidi. Hasara kubwa ni ile miezi saba. Wanaotibu magonjwa haya wanajua kwamba kadiri mtu anavyokaa muda mrefu na ugonjwa wa kusikia sauti bila matibabu, ndivyo kupata nafuu kunavyokuwa kugumu. Ni kama mkopo ambao hujaanza kuulipa. Hauoni ukikua, lakini kila mwezi unazaa. Kijana alipoteza mihula miwili ya shule, marafiki karibu wote, na imani kwamba watu wazima hawatamuumiza. Hiyo ndiyo riba.

Na mnyororo si jambo la kijana mmoja. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watu wenye ugonjwa wa akili kufungwa minyororo katika nchi takriban 60, Kenya ikiwemo. Mwaka 2023 nchi yetu ililia kwa sababu ya Shakahola, kule Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Baada ya hayo, mchungaji wa Kenya hawezi kuongea nusu nusu kuhusu kufunga na kuhusu hospitali. Kwa hivyo naongea wazi: mtoto mgonjwa hafungishwi chakula, hafungwi mnyororo, hapigwi ili pepo atoke.

4. NJIA YA HOSPITALI, HATUA KWA HATUA

Wazazi wengi hawakatai hospitali. Hawajui tu waanzie wapi, na jina "Mathari" linawatisha. Tuelewe hofu hiyo imetoka wapi. Hospitali ya Mathari, pale Barabara ya Thika, ilianza mwaka 1910. Kloropromazini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya kisasa ya kutuliza sauti na mawazo ya namna hii, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Piga hesabu. Kwa zaidi ya miaka 40 kulikuwa na kuta lakini dawa hiyo haikuwepo. Shosho zetu waliona watu wakiingia na hawatoki, ndiyo maana "kupelekwa Mathari" likawa tusi. Leo watu wengi wanaenda kliniki asubuhi, wanachukua dawa, na jioni wako nyumbani wanakula ugali na familia.

Anza karibu. Si lazima uanzie hospitali kubwa. Nenda kituo cha afya au hospitali ya kaunti, mweleze afisa wa kliniki unayoyaona, na uulize siku ya kliniki ya akili. Sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hii, kwa hivyo huombi msaada wa mtu, unadai haki ya mtoto wako. Ikihitajika utapewa barua ya rufaa. Hapa Nairobi kuna Mathari na Hospitali ya Kenyatta. Walio na jamaa mbali, Eldoret kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi, na Mombasa kuna Port Reitz.

Andika kabla ya kwenda. Chukua karatasi uandike: dalili ya kwanza ilionekana lini, analala saa ngapi, anakula nini, ametumia dawa gani, kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivi, amewahi kuanguka kifafa au kuumia kichwa. Kwa daktari aliye na foleni ndefu, karatasi moja iliyoandikwa vizuri inashinda maelezo ya nusu saa ya mzazi anayelia. Mwambie pia habari za maombezi na mitishamba. Usione haya.

Panga SHA mapema. Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili kwa simu kupitia *147#, mwandikishe mtoto chini yako, na uhakikishe mchango umelipwa kabla ya siku ya shida. Ukifika hospitalini, uliza kwenye dawati la SHA ni nini kinacholipiwa na nini utalipa mwenyewe. Uliza kabla ya bili, si baada.

Nendeni wawili. Mmoja amshike mtoto, mwingine azungumze na kuandika. Kama mama yuko peke yake, mshirika mmoja aende naye. Hiyo ni huduma kama kuimba kwaya.

Uliza maswali haya: Ugonjwa unaitwaje? Dawa hii inafanya kazi gani, na itachukua muda gani? Ni madhara gani nitarajie, na lipi likitokea nirudi mara moja? Nimpigie nani usiku?

Kama kuna hatari, usingoje siku ya kliniki. Mtoto akitaka kujiua au kumdhuru mtu, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, saa yoyote. Ondoa nyumbani dawa za shamba, kamba na visu, na usimwache peke yake hata kwa dakika chache. Unaweza kupiga simu bila malipo 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 116 kwa ajili ya watoto. Wengine huogopa kumpeleka hospitali aliyejaribu kujiua kwa sababu ya polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jambo hilo kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Mpeleke.

5. DAWA, SHINGO NA SHOSHO

Sehemu hii naomba usiiruke, kwa maana hapa ndipo familia nyingi hurudi nyuma.

Siku ya tatu baada ya kijana kuanza dawa, saa tatu usiku, shingo yake ilijipinda upande mmoja. Macho yakapanda juu. Ulimi ukawa mzito. Shosho aliyekuwa amekuja kuwatembelea akasimama akasema, "Sasa mmeona! Amekasirika kwa sababu mmempeleka hospitali." Baba alikuwa ameshika zile dawa mkononi, tayari kuzitupa chooni.

Mama ndiye aliyekumbuka. Katika lile swali la madhara, muuguzi alikuwa amemwambia: shingo ikikakamaa au macho yakipanda, usiogope, mlete. Walichukua teksi. Hospitalini alidungwa sindano moja, na kabla ya saa moja kuisha shingo ilikuwa imenyooka na kijana anaomba chai. Misuli ilikuwa imekaza kwa sababu ya dawa. Jambo hili linajulikana, hasa kwa dawa kama haloperidoli, na lina tiba yake. Daktari alipunguza kipimo na kumwongezea kidonge cha kuzuia hali hiyo.

Wapendwa, fikirini ni watoto wangapi wameachishwa dawa usiku kama huo, na ni ushuhuda gani uliotolewa Jumapili iliyofuata.

Basi tujue mambo manne kuhusu dawa hizi. Kwanza, zinachukua muda. Usingizi na utulivu huweza kuja mapema, lakini sauti na hofu hupungua polepole, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Pili, zina madhara: usingizi mwingi, njaa, kunenepa, kukakamaa. Madhara mengi yanarekebishika ukimwambia daktari. Tatu, mtoto akipata nafuu usimkatishe dawa. Ile nafuu ndiyo kazi ya dawa. Aliyetulia kwa sababu ya dawa akikatishwa ghafla, ugonjwa mara nyingi hurudi, na pengine kwa nguvu zaidi. Nne, mtu mzima ndiye anayeshika dawa na kumwona akimeza. Kama yuko bweni, ongea na mwalimu mkuu na muuguzi wa shule, wazi wazi.

Na mtumishi yeyote, hata mimi, hata Askofu, asimwambie mtoto aache dawa ili aonyeshe imani. Ukiamini Mungu amemponya, msifu Mungu, kisha nenda kwa daktari aliyemwandikia dawa. Yesu aliwatuma wenye ukoma waliotakasika wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

6. KANISA NA ILE BILI YA NYUMBA YA WAGENI

Mfano wa Msamaria mwema tunaupenda, lakini tunaishia kwenye huruma. Msomaji wa hesabu anaona zaidi. Luka 10:34–35: alimfunga majeraha, akatumia mafuta na divai, vitu vilivyotumiwa kama dawa wakati huo. Akampandisha mnyama wake, yaani aligharamia usafiri. Akalala naye usiku ule. Kesho yake akaacha dinari mbili, na akaahidi kurudi kulipa itakayozidi. Hiyo ni nauli, dawa, malazi, arbuni na ziara ya kurudi. Huruma yake ilikuwa na bajeti.

Ugonjwa huu ni wa safari ndefu, na kanisa linapenda mambo ya haraka. Tunajua kukesha usiku mmoja. Je, tunajua kumsindikiza mama kliniki kila mwezi kwa miaka mitatu? Haya yanawezekana katika kila ushirika wa nyumbani:

Mtu mmoja achukue zamu ya kliniki kila mwezi, na ushirika uchange nauli.
Mtu mmoja akae na mtoto saa mbili Jumamosi, ili wazazi walale au wapumue tu.
Wadogo zake wasisahaulike. Wao nao wanaogopa, na wanachekwa shuleni.
Maneno "kichaa", "chizi" na "wazimu" yasisikike kwetu, hata kwa mzaha.
Siri ya familia isigeuzwe ombi la maombi lenye maelezo yote. Mungu anajua anwani.
Kijana akija ibada, akae, aimbe, na asiitwe mbele kila Jumapili. Amechoka kuangaliwa.

7. JIBU LA SWALI LA BABA

Nilimjibu hivi, na nawajibu nyote. Ndugu yangu, hujamkana Mungu. Yule baba wa Marko 9 alifanya mambo mawili: alimleta mtoto wake, na alisema ukweli wote kuhusu hali yake. Kila mwezi ukipanda matatu na kijana wako mpaka kliniki, unamleta. Kila ukimjibu daktari bila kuficha, unasema ukweli. Na kila asubuhi ukimpa kidonge na glasi ya maji, unaweza kusema maneno yale yale ya baba yule, ya kuamini na kuomba usaidiwe. Hiyo ni sala halali.

Sitaki kuwadanganya kwamba hadithi imeisha vizuri. Kijana amerudi shule, lakini anarudia Kidato cha Pili na walio wadogo kwake. Mwezi wa nne aliruka dawa kwa wiki moja na sauti zikarudi. Zingine hazijaondoka kabisa. Anasema ni kama redio ya jirani: ipo, lakini anaweza kuendelea na kazi yake. Balbu ya sebuleni iko mahali pake. Tunaendelea kumwombea apone kabisa, na tarehe ya kliniki inayofuata imeandikwa ukutani.

Kama wewe ndiye yule mama ambaye kijana wake "ameenda kwa shosho", nitafute, au mtafute mzee wa ushirika wako. Hatutakuuliza umetenda dhambi gani. Tutakuuliza ilianza lini, na siku ya kliniki ni gani tukusindikize.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Marko 9:14–18, watu walikuwa wakifanya nini wakati mtoto anaumia? Sisi hufanya nini?
2. Isaya 38 inatufundisha nini kuhusu ahadi ya Mungu na matumizi ya dawa?
3. Kliniki ya akili iliyo karibu na mtaa wetu iko wapi, na hufanyika siku gani? Mmoja wetu aulize kabla ya wiki ijayo na alete jibu.
4. Ni familia gani tunayoweza kuisindikiza mwaka huu, bila kuitangaza?

SALA

Baba, wewe ndiwe uliyeumba akili na mwili. Tunawaleta kwako watoto wetu wanaoteseka na sauti, hofu na giza. Wape wazazi nguvu ya kusema ukweli na kupanda gari siku ya kliniki. Wape madaktari na wauguzi hekima na uvumilivu. Tufunge midomo pale tunapotaka kuhukumu, na utufungue mikono na mifuko. Ponya, Bwana, kwa njia unayoipenda wewe, na tunapongoja, usituache tumwache hata mtoto mmoja. Katika jina la Yesu. Amina.